Kiuno cha Kuzoesha Bastola

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Mvua tena. Eldoret yote ni matope. Mwalimu wa kisomo alisema niandike kidogo kila siku, mkono usisahau. Mkono haisahau. Shida ni macho.

Kazi yangu ni kufagia na kubeba masanduku kwa duka la Bwana Pua. Jina lake la kizungu ni refu, pua pia. Anauza matandiko ya farasi, mishipi, viatu. Sasa anauza na bastola. Siku hizi kila mzungu anataka bastola ya kuficha kwa nguo, hata memsabu ambaye hajawahi kuchinja kuku. Wanaogopa vita ya kule Nyeri. Nyeri ni mbali, lakini woga inapanda treni bila tiketi.

Shida ni mifuko. Kipyego, fundi wetu wa ngozi, anashona mfuko wa kuvaa kiunoni, bastola inakaa ndani. Ngozi ni mpya, ngumu kama kwato. Memsabu mmoja amerudisha wake, amesema inauma. Mwingine amesema akivuta pumzi tu mfuko inalia, mume wake hasikii redio.

Bwana Pua alishika kichwa. Nikamwambia, Bwana, si mimi nilivaa buti yako mpya mpaka ikakubali? Ni kweli. Kila buti yake naianza mimi. Malengelenge yake yote niko nayo mimi. Nikasema mfuko ni buti ya kiuno tu. Nitavaa kazini, itazoea mwili.

Akakubali. Lakini bastola yenyewe hapana. Mwafrika na bastola mwaka huu ni kamba ya shingo. Kwa hivyo nimechonga moja ya mti, kutoka kwa sanduku ya misumari. Nimepaka rangi ya viatu. Kipyego ameangalia sana. Akasema, mzee, umechonga mwiko.

Wivu.

Sasa jambo lenyewe. Nangila. Anauza uji nyuma ya stesheni. Ni mjane, na mimi pia. Nekoye wangu amelala miaka mingi, na tangu hapo napika ugali mwenyewe, mbichi katikati. Nangila amesema Jumapili hii baada ya kanisa atasema nani: mimi ama Shitanda. Shitanda ni mpishi wa hoteli ya wazungu. Ana baiskeli na kengele. Anamletea keki.

Mimi sina baiskeli. Lakini kutoka leo niko na kitu kiunoni. Mwanamke anapenda mwanaume wa kuaminiwa. Ataona.


Jumanne, 4 Agosti

Nimevaa kutoka asubuhi. Upande wa kulia, juu ya mfupa. Nilishusha mahindi kwa lori, mti ikanichoma mbavu. Nilikaa kunywa chai, ikanichoma paja. Nilichutama, hiyo sitaki kuandika. Nimesogeza nyuma kidogo ya mfupa. Hapo ni afadhali. Lakini ngozi inalia kwii, kwii, kama mlango wa choo cha stesheni.

Alikuja mteja mpya. Ana shamba la ng'ombe upande wa Kaptagat, sisi tunamwita Memsabu Maziwa. Hajawahi kupiga risasi maisha yake. Akataka bastola kubwa kama ya mume wake. Ile kubwa ni kama jembe la plau. Bwana Pua akaisifu sana kwa sababu haina mtu wa kuinunua.

Mimi nilikuwa na ufagio. Mdomo yangu ikafunguka yenyewe. Nikasema, Memsabu, weka kwanza kwa mfuko, halafu okota yai.

Akauliza yai gani. Nikasema yai yoyote, ya kuwaza tu.

Akainama. Mpini ikaingia mbavuni. Akasema neno ambalo haliko kwa Biblia. Nikamwambia akae kwa kiti kama ndani ya gari. Sketi ikashuka. Nikamwambia anyooshe mkono kama anatoa dawa juu ya kabati. Blauzi ikapanda, bastola yote ikatoka nje kuota jua. Nikasema, Memsabu, hii si ya kuficha, hii ni ya kuonyesha.

Akacheka. Akajaribu ile ndogo, bapa. Yai, kiti, kabati. Hakuna kitu kilionekana. Akasema hata hasikii kama amevaa. Nikamwambia ndiyo, Memsabu, ile inakusumbua utaiacha nyumbani, na ukiiacha nyumbani imekuwa ya mwizi.

Bwana Pua aliniangalia vile Balaamu aliangalia punda wake alipoongea.

Memsabu amesema mfuko wake ulainike mpaka Jumatatu. Bwana akasema kutoka leo wateja wapya wakija, mimi nasimama hapo. Nikamwambia Kipyego nimepandishwa cheo. Akasema punda akipandishwa cheo bado anabeba.

Nimechonga mti mwingine, mdogo, kutoka sanduku ile ile, wa kuingia mfuko wa Memsabu. Kipyego anasema sasa ni kijiko.


Jumatano, 5 Agosti

Leo ilikuwa siku ya kumwonyesha Nangila. Si kumwambia. Kumwonyesha. Mwanaume mkubwa haambii.

Nilienda kunywa uji saa ya chakula. Nikavaa koti, nikavuta mfuko mbele kidogo ili koti ivimbe. Nikasimama upande. Nikaangalia mbali, kama mtu anajua mambo. Nikashika kiuno pole pole.

Nangila aliweka kata chini. Akaniangalia pale palipovimba. Akaniangalia usoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, pole, Wepukhulu. Ni ngiri?

Watu wa reli walikuwa kwa benchi. Wote wakageuka.

Nikasema si ngiri. Akasema usione haya, marehemu mume wangu pia alikuwa nayo, ilianza hivyo hivyo, kidogo kidogo. Nikasema Mama Nangila, mimi ni mzima. Nikageuka haraka niende. Ngozi ikalia kwii. Mtu mmoja wa reli akasema, masikini, mpaka inalia.

Nikaacha uji nusu. Ilikuwa uji nzuri, ya wimbi.

Jioni Shitanda alipita na baiskeli, akapiga kengele, akapunguza mwendo. Akasema, ndugu yangu, nasikia usibebe vitu vizito. Akaenda. Huyo mtu ana meno mengi kuliko kazi ya meno.


Alhamisi, 6 Agosti

Mteja mpya mwingine. Karani wa benki, kijana, amekuja kutoka Ulaya juzi, bado ni mwekundu kama nyama. Anataka bastola ya kuvaa kazini, watu wa benki wasione. Bwana Pua akanipa kazi kwa jicho tu.

Nikamuuliza Bwana Karani, mshipi yako iko wapi? Hana. Suruali yake inashikwa na mikanda ya mabega, ile ya kunyumbuka. Nikamwambia, nunua kwanza mshipi mpana, halafu bastola. Bwana Karani anajua hesabu, hajui suruali. Akasema hapana, mikanda inatosha. Akafunga mfuko, akaweka bastola ndani. Nikamwambia afanye yai.

Alipoinama, suruali ikashuka. Alipoinuka, mikanda ikaivuta juu mpaka kwapani. Bastola ikaruka, ikaanguka kwa ndoo yangu ya kufagilia. Haikuwa na risasi. Memsabu mmoja aliyekuwa ananunua hatamu alitoka nje kucheka kwa mvua.

Karani amenunua mshipi. Mpana kabisa. Bwana Pua amenipiga bega. Amesema nina kipawa.

Halafu Nangila alituma kifurushi. Mizizi ya kuchemsha. Ya ngiri. Amesema ninywe asubuhi na jioni, nisile maharagwe.

Nilikaa na hiyo mizizi kwa mkono. Tangu Nekoye hakuna mtu amenitumia dawa. Sina ngiri. Nimechemsha, nimekunywa. Ni chungu kama maneno ya Kipyego. Nimekunywa yote.

Maharagwe pia sijakula.


Ijumaa, 7 Agosti

Nimefikiri sana. Mwanamke hawezi kumchagua mtu wa ngiri akiwa na mtu wa baiskeli kando. Lazima ajue.

Nilienda mapema kabla ya watu wa reli. Nikamwambia, Mama Nangila, dawa imenisaidia, asante, lakini haikuwa ngiri. Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Nikafungua koti kidogo tu, aone mpini. Nikasema, ni bastola. Ni siri. Bwana ananiamini.

Nilingoja afurahi.

Uso wake ukaisha damu. Alinishika koti akaifunga mwenyewe, vifungo vyote, kama mama anafunga mtoto. Akasema wewe Wepukhulu, una akili? Hujui wanaweza kukunyonga kwa hiyo? Akasema mume mmoja amemzika, mwingine hataki kumzika kabla hata hajampikia.

Hapo nilikuwa niseme ni mti. Neno lilifika kwa ulimi. Lakini nikaona vile ananiangalia. Hakuna mtu ameniangalia hivyo, kama kitu cha hatari. Wiki nzima naitwa punda, naitwa ngiri. Nikaacha iwe bastola.

Akasema Jumapili nije bila hiyo kitu. Nikija nayo, jibu ni Shitanda, na asinione tena kwa benchi yake.

Rahisi. Nitaivua tu. Atafikiri nimeacha bastola kwa ajili yake. Hata Shitanda hajaacha baiskeli kwa ajili ya mtu.

Nilirudi dukani nikiimba.

Bwana Pua akaniita. Memsabu Maziwa amepiga simu. Amesema bastola yake ataivaa sana kanisani, huko ndiko anakaa muda mrefu kwa benchi ngumu na kupiga magoti. Kwa hivyo Bwana anasema nivae mfuko mpaka Jumatatu, na Jumapili niende nayo kanisani, nikae, nipige magoti, nimwambie inauma wapi. Nikasema Bwana, sisi wa kanisa ya Marafiki hatushiki silaha, Mzee Nicanor, kiongozi wetu, amekataza kwa mahubiri. Bwana akasema hii si silaha, ni kijiko. Maneno ya Kipyego yamefika mpaka ofisini.

Nikasema Bwana, Jumapili niko na mambo. Akasema kama siwezi, kuna watu wengi mjini wana kiuno.

Cheo changu. Siku tatu tu nimekuwa nayo.


Jumamosi, 8 Agosti

Mpango. Nitaenda na mfuko, lakini Nangila hatajua. Nitauweka nyuma kabisa, katikati ya mgongo, chini ya koti. Si ndiyo maana ya kuficha? Wiki nzima nafundisha wazungu kuficha. Nitashindwa mimi?

Shida moja. Kwii. Kanisa yetu ya Marafiki inaomba kwa kimya. Watu wote wanainamisha kichwa, hakuna anayesema kitu, mpaka mtu asukumwe na Roho. Kimya ya kusikia panya akitafuna. Hapo ngozi ikilia mara moja, nimekwisha.

Nikamuuliza Kipyego ngozi inanyamazishwa na nini. Akasema kwao wanapaka mafuta ya mkia wa kondoo. Yeye mwenyewe aliniletea kwa kibuyu. Nikapaka nje, nikapaka ndani, nikapaka na mti. Nikavaa, nikainama, nikakaa, nikaruka. Kimya! Laini kama sikio la ndama. Nilimshukuru Kipyego kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikaenda posta kupeleka barua za Bwana. Kufika kwa buchari, mbwa mmoja akainuka. Ni yule wa manjano, wa sikio moja. Akanusa hewa. Akanifuata. Nikatembea haraka, naye haraka. Nikakimbia, wakawa wengi. Nilizunguka posta, nikazunguka benki. Yule Bwana Karani alikuwa mlangoni na mshipi yake mpya, akanipungia mkono. Nilipanda juu ya lori ya mahindi ya Turbo iliyosimama. Mbwa wakakaa chini kwa matope, wakiniangalia kama wanafunzi.

Shitanda akapita. Hupita kila wakati. Akasimama, mguu mmoja chini. Akasema, ndugu yangu, unahubiri? Akapiga kengele.

Dereva wa lori alinishusha kwa fimbo. Kipyego aliposikia alilala chini kwa sakafu ya karakana, akashika tumbo. Nikamuuliza kama alijua. Akazidi kucheka.

Nimefua koti. Nimepanguza mfuko na majivu. Sasa hainuki kitu. Mimi sisikii kitu, angalau.


Jumapili, 9 Agosti

Leo nitaandika yote.

Nilienda mapema. Koti safi, mfuko mgongoni. Nilikaa benchi ya nyuma nisionwe. Nangila alikuwa mbele yangu, kitambaa cheupe kichwani. Shitanda kando yake, viatu vinang'aa kuliko dirisha. Mzee Nicanor akasimama, akasema habari ya upanga kuwa jembe. Aliniangalia. Ama aliangalia saa.

Nangila aligeuka. Akaniuliza kwa macho. Nikafungua koti mbele, pande zote mbili, aone. Hakuna kitu. Akatabasamu. Nilisikia joto mpaka kwa masikio.

Halafu Mzee Nicanor akasema tuombe kwa kimya. Tukainama. Kimya. Nikajisogeza, hakuna kwii. Nikapiga magoti, hakuna kwii. Kazi ya Bwana nafanya, ya Mungu nafanya, na Nangila ametabasamu. Nikasema moyoni, Wepukhulu, wewe si punda.

Nikasikia kucha kwa sakafu. Tiki, tiki, tiki.

Sikufungua macho. Nilijua. Mvua ilikuwa imeleta mbwa wote chini ya paa la kanisa, na mlango haufungi vizuri. Mmoja alipita benchi baada ya benchi, ananusa. Hakusimama kwa mtu. Pua yenye baridi ikaingia chini ya koti yangu.

Nikasema shii. Watu walifikiri ni Roho.

Yule wa sikio moja akashika koti na meno, akavuta. Nikavuta. Hakuna mtu alifungua macho, Marafiki ni watu wazuri. Tukavutana hivyo kwa kimya, mimi na yeye, mpaka koti ikapasuka mgongoni. Mfuko ukakatika. Bastola ikaruka juu ya benchi, ikaanguka katikati ya kanisa, nyeusi, inang'aa na mafuta.

Mama mmoja akafungua jicho. Akapiga kelele, bunduki!

Sijawahi kuona kanisa inatoka haraka hivyo. Benchi zilianguka. Mlango ulijaa. Shitanda aliruka dirishani. Kwanza alikanyaga leso ya Nangila, Nangila akaanguka chini ya benchi, halafu akakanyaga benchi yenyewe, halafu akaenda. Kiatu kimoja kilibaki. Nje tukasikia kengele ya baiskeli, ikienda upande wa hoteli.

Wakabaki watu wachache. Mzee Nicanor, bado ameinama, anaomba. Nangila chini ya benchi. Na mimi nimesimama mbele yake, mikono imepanuliwa. Ukweli ni huu: mbwa alikuwa bado ameshika koti. Nilitaka kukimbia sana. Nilivuta upande wa mlango, yeye akavuta upande wa benchi.

Nangila akatoka kwa magoti. Akaona bastola. Akaniangalia na jicho ambalo sitaki kuliona tena. Akaniambia, nilikwambia nini, Wepukhulu?

Akaenda akaiokota. Peke yake, bila woga, kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akashangaa haina uzito. Akaishika vizuri. Akainusa. Akakwaruza na ukucha, rangi ya viatu ikatoka, chini ikaonekana alama ya sanduku ya misumari.

Akasema, ni mti.

Nikasema, ni mti.

Akasema, wiki yote ilikuwa mti?

Nikasema ilikuwa kazi, nazoesha ngozi ya memsabu, kama buti. Akakaa kwa sakafu. Mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, nikaenda karibu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikaanguka, mpaka mbwa akaniacha akaenda kumwangalia. Akasema dawa ya ngiri nilikunywa? Nikasema yote. Akaanza tena. Halafu akasimama akanipiga nayo kwa kichwa, si sana, lakini ni mti ngumu.

Askari alifika, ameitwa na watu. Aliichukua akaiuma kwa jino. Akatema mafuta ya kondoo. Akauliza ni mimi yule wa duka la Bwana Pua, wa mayai? Nikasema ndiyo. Akaitupa kwa benchi, akaondoka akipanguza ulimi.

Mzee Nicanor akainua kichwa. Akauliza, wengine wamesukumwa na Roho?

Nangila alinipa jibu hapo nje, chini ya mabati, mvua inapiga. Akasema Shitanda ana baiskeli na keki, lakini amemkanyaga akamwacha chini ya benchi. Akasema mimi ni mjinga, mjinga kabisa, hajaona mjinga kama mimi Eldoret yote, lakini nilibaki.

Habari ya mbwa sikusema. Si kila kitu ni cha kusema Jumapili.

Akaweka sharti moja. Nisivae tena kitu kama hicho kiunoni, cha mti ama cha chuma, na nisimdanganye. Niliapa. Niliweka mkono juu ya Biblia ya Mzee Nicanor. Akanipa uji bakuli mbili. Akashona koti yangu hapo hapo, nikiwa ndani.

Nimefurahi mpaka sijui kalamu inaenda wapi.


Jumatatu, 10 Agosti

Jua limetoka!

Memsabu Maziwa alikuja kuchukua mfuko. Kipyego alikuwa ameushona palipokatika. Bwana Pua aliona alama za meno, akanigeukia. Nikasema Bwana, hiyo ni urembo. Memsabu akavaa. Yai, kiti, kabati. Akasema hajawahi kuvaa ngozi laini hivyo. Alipofika kwa gari, mbwa wake walimrukia, wakamlamba mkono mpaka kiwiko. Akasema ajabu, siku zote hawamsikii, leo wanampenda. Alienda akicheka.

Bwana Pua amefurahi. Amenipa kazi mpya. Kuna inspekta anataka mfuko wa kifundo cha mguu, chini ya suruali. Ngozi ni ngumu kabisa. Nivae siku zote mpaka wiki ijayo. Nimeshachonga mti. Kipyego ameangalia, amesema safari hii ni sepetu.

Jumamosi naenda Turbo, kwa kaka ya Nangila, kuongea mambo ya mahari. Ni mtu mkubwa huko, ana shamba la mahindi. Lazima aone dada yake anaolewa na mtu wa kuaminiwa. Nitakaa kwa kiti, nitapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, pole pole, suruali ipande yenyewe. Si kumwambia. Kumwonyesha. Na sijavunja kiapo. Nangila alisema kiuno. Mguu hakutaja.

Kwii nimeshaitengeneza. Mafuta ya kondoo hapana, mimi si mtu wa kurudia kosa. Kipyego amesema mafuta ya samaki ni bora, mbwa hawayataki. Ameniletea chupa nzima, bila hata kuombwa. Nimepaka nje na ndani.

Tena nimeuliza mapema, safari hii nimetumia akili. Nimemuuliza Nangila kama kaka yake anafuga mbwa. Amesema hakuna hata mmoja. Kwa sababu ya panya wa ghala anafuga paka tu. Paka wengi sana.